Bunduki ya Hewa ya Kaliba .50: Kwa Nini Tundu Kubwa Halimaanishi Nguvu Kubwa

Video zinazosambaa mtandaoni, zikiwaonyesha wawindaji wa Marekani na Afrika Kusini wakiangusha nguruwe pori na swala wakubwa kwa bunduki isiyotumia baruti, zimezua mabishano makali miongoni mwa wanaofuatilia habari za uwindaji. Wapo wanaosisitiza kwamba bunduki ya hewa ni kile kifaa cha vijana cha kupigia njiwa, na kwamba kinachoonekana kwenye video hizo ni ujanja wa kamera. Wapo pia wanaodai kwamba zama za raifali zimekwisha, kwa kuwa bunduki hizi mpya zina kaliba ya .50 ilhali raifali maarufu ya kuwindia nyati ina kaliba ya .375 tu. Pande zote mbili zimekosea, na zimekosea kwa sababu ileile: zinatazama namba iliyoandikwa kwenye mtutu bila kuuliza ni kitu gani kinachoisukuma risasi ndani ya mtutu huo. Suala hili si la ushabiki tu, kwa sababu mtu anayeingia porini akiamini namba badala ya nguvu halisi ndiye anayemwacha mnyama na jeraha la kumuua polepole kwa siku kadhaa.

Tuanze na maneno matatu ambayo bila kuyaelewa mjadala wote huwa kelele. Kaliba ni kipenyo cha tundu la mtutu, na kwa bunduki zenye asili ya Marekani na Uingereza huandikwa kama sehemu ya inchi: .22 ni takriban milimita 5.6, .308 ni 7.8, .375 ni 9.5, na .50 ni 12.7. Kaliba inataja upana, haitaji kasi wala uzito. Nishati ndiyo kazi ambayo risasi inaweza kuifanya inapogonga, nayo hupimwa kwa jouli. Jouli moja inatosha kuinua kilo moja kwa sentimita kumi hivi. Huipati kwa kutazama upana wa tundu, bali kwa kuchukua nusu ya uzito wa risasi kwa kilo na kuizidisha kwa kasi yake ya mita kwa sekunde, kisha kuizidisha kwa kasi hiyo mara nyingine. Maana yake ni kwamba risasi ikiwa nzito mara mbili nishati huongezeka mara mbili, lakini ikiwa na kasi mara mbili nishati huongezeka mara nne. Neno la tatu ni mgandamizo, ambao mafundi wa tairi huuita presha, na hapa tutaupima kwa baa. Tairi la gari dogo hujazwa baa mbili na ushee, ilhali mtungi wa bunduki ya hewa ya kaliba kubwa hujazwa kati ya baa 200 na 310.

Bunduki za hewa zenyewe si za aina moja, na hapo ndipo upande wa kwanza unapopotea. Ile ambayo wengi waliiona utotoni hutumia springi: mtu anaukunja mtutu, springi inajibana, na akivuta kifyatulio springi inafyatuka na kuisukuma hewa kidogo nyuma ya kirisasi chepesi. Nishati yake huwa jouli chache, na mara chache huvuka 30. Bunduki ya kaliba kubwa haina springi ya namna hiyo. Ina mtungi uliofungwa kwenye bunduki yenyewe, ambao hujazwa hewa kabla ya safari kwa kompresa maalumu au kutoka mtungi mkubwa zaidi, na kila kifyatulio kinapovutwa vali hufunguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde na kuachia kiasi cha hewa hiyo. Ikilinganishwa na ile ya springi, hii ni silaha nyingine kabisa, ingawa zote mbili huitwa kwa jina moja.

Wala si uvumbuzi wa juzi. Mnamo mwaka 1780 hivi, jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki ya hewa iliyobuniwa na fundi wa Tyrol aliyeitwa Bartholomäus Girardoni. Ilikuwa na kaliba ya karibu milimita 12, ilibeba risasi zipatazo 20, na kitako chake cha chuma ndicho kilichokuwa mtungi wa hewa, kilichojazwa kwa pampu ya mkono iliyohitaji mipigo zaidi ya elfu moja. Wapelelezi wa Marekani Meriwether Lewis na William Clark walibeba bunduki ya hewa katika safari yao ya kuvuka bara la Amerika ya Kaskazini kati ya mwaka 1804 na 1806, na waliifyatua mbele ya wenyeji waliokutana nao njiani ili kuwaonyesha uwezo wao. Kwa hiyo hoja kwamba hewa haiwezi kuua mnyama mkubwa ilikwishajibiwa zaidi ya karne mbili zilizopita. Swali lenye maana ni kiasi gani inaweza, na kwa umbali gani.

Jibu limo katika mgandamizo. Baruti inapoungua ndani ya ganda la risasi ya .308, gesi yake hufikia zaidi ya baa 4,000, tena ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi. Mtungi wa bunduki ya hewa unaanza na sehemu ndogo sana ya mgandamizo huo, na hewa yake ni baridi. Ubaridi huo ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu gesi haiwezi kutanuka kwa kasi yoyote itakayo; kasi yake hufungamana na kasi ya sauti ndani ya gesi yenyewe, ambayo kwa hewa ya kawaida ni mita 340 hivi kwa sekunde. Gesi ya moto ya baruti ina kasi ya sauti iliyo kubwa zaidi mara kadhaa, na ndiyo maana raifali hurusha risasi kwa mita 800 au 900 kwa sekunde bila taabu, ilhali bunduki ya hewa huhangaika kuvuka 340 hata ikipewa risasi nyepesi. Baadhi ya wapenzi wa bunduki hizi hujaza heliamu badala ya hewa, kwa kuwa kasi ya sauti ndani ya heliamu ni karibu mara tatu ya ile ya hewa, na kweli risasi hupata mwendo zaidi, lakini gharama na usumbufu wa gesi hiyo huifanya iwe njia ya wachache.

Sasa, mbuni wa bunduki aliyenyimwa mgandamizo na kasi amebakiwa na njia gani za kupata nguvu? Anazo mbili. Ya kwanza ni kupanua tundu. Hewa husukuma kitako cha risasi, na eneo la kitako hicho hukua haraka kuliko kipenyo chake, kiasi kwamba kaliba .50 ina eneo la takriban mara tano ya kaliba .22. Kwa mgandamizo wa baa 200, risasi ya .22 husukumwa na nguvu inayolingana na uzito wa kilo 50, na ile ya .50 husukumwa na nguvu ya karibu kilo 260. Njia ya pili ni kurefusha mtutu ili msukumo huo udumu. Aliyewahi kusukuma gari lililozima anaelewa jambo hili mwilini mwake: ukilisukuma hatua mbili ukaacha, halifiki popote, lakini ukilisukuma hatua ishirini kwa nguvu ileile, linapata mwendo wa kuwaka. Ndiyo sababu bunduki hizi zina mitutu ya sentimita 70 na zaidi.

Hapa ndipo ilipo hoja ya makala hii yote. Katika raifali ya baruti, mbuni anaweza kuchagua tundu dogo na bado akapata nishati kubwa. Katika bunduki ya hewa, tundu kubwa ni fidia ya mgandamizo mdogo. Anayeona .50 upande mmoja na .375 upande wa pili, kisha akahitimisha kwamba ya kwanza ina nguvu zaidi, amesoma fidia kana kwamba ni ziada.

Takwimu zinaonyesha ukubwa wa pengo. Umarex Hammer ya kaliba .50, ambayo ni miongoni mwa bunduki za hewa zenye nguvu kubwa zaidi zinazouzwa madukani, kwa mujibu wa mtengenezaji hurusha risasi ya gramu 35.6 kwa mita 231 hivi kwa sekunde, na hiyo ni nishati ya takriban jouli 950. AirForce Texan ya kaliba .457 hutoa zaidi ya jouli 650, na Benjamin Bulldog ya .357 hutoa 270 hivi. Upande wa baruti, raifali ndogo ya .22 inayotumiwa kwa sungura hutoa jouli 150 hadi 190. Raifali ya .308 yenye risasi ya gramu 9.7 hutoa karibu 3,600. Ile ya .375 H&H, iliyoingia sokoni mwaka 1912 na bado inaheshimiwa na wawindaji wa nyati, hurusha risasi ya gramu 19.4 kwa mita 770 kwa sekunde na kutoa karibu jouli 5,800. Kwa maneno mengine, tundu la milimita 9.5 linatoa nishati mara sita ya tundu la milimita 12.7. Hata hivyo, Hammer ina nishati mara tano ya ile .22 ya sungura, na anayeiita kichezeo hajui anachokiongelea.

Wapo watetezi wa bunduki za hewa wanaopinga kipimo cha nishati wakisema kwamba kinawaonea, na hoja yao inastahili kusikilizwa. Wanasema tuzidishe uzito kwa kasi mara moja tu, bila kuirudia kasi, na tuone risasi inabeba msukumo kiasi gani. Tukifanya hivyo, risasi nzito ya Hammer na risasi nyepesi ya .308 zinakuwa sawa karibu kabisa, na hesabu hiyo ni sahihi. Inaeleza vilevile jambo ambalo huwashangaza wengi kwenye video, kwamba risasi ya hewa inayokwenda polepole humtoboa mnyama upande mmoja na kutokea upande wa pili. Risasi nzito na ndefu haisimami kirahisi ikishaanza kupenya. Kipimo hicho kinatabiri kina cha tundu mwilini mwa mnyama. Hakitabiri ukubwa wa uharibifu unaotokea pembeni mwa tundu, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua mnyama anaanguka wapi.

Risasi ya raifali inayopiga kwa mita 800 kwa sekunde hutanuka, huzipasua tishu, na huzisukuma kwa nguvu kiasi kwamba kwa muda mfupi hufunguka uwazi mkubwa kuliko risasi yenyewe. Mapafu na mishipa iliyo kando ya njia yake huchanika pia. Mshale wa upinde wa kisasa una jouli 80 hadi 110 tu, chini ya nishati ya .22, na bado huua swala mkubwa, kwa sababu ncha yake ina makali yanayokata mishipa na damu hutoka kwa wingi. Risasi ya bunduki ya hewa iko katikati ya hawa wawili, na nafasi hiyo ya katikati haina raha. Haina kasi ya kupasua kama raifali, na haina makali ya kukata kama mshale. Inachokifanya ni kusaga tishu zilizo mbele yake na kuacha mfereji wa upana wa kidole gumba au zaidi kidogo. Mfereji huo ukipita kwenye moyo au mapafu yote mawili, mnyama atakufa upesi, mara nyingi baada ya kukimbia umbali mfupi. Ukipita sentimita kumi nyuma yake, kwenye tumbo, hakuna kitu kingine cha kumsaidia mwindaji kurekebisha kosa lake. Raifali yenye nguvu husamehe kosa dogo la kulenga. Bunduki ya hewa haisamehi hata kidogo. Namba ya kaliba haiwezi kulifuta jambo hili.

Na kulenga kwenyewe ni kugumu zaidi. Risasi inayotoka kwa mita 231 kwa sekunde huhitaji sekunde 0.43 kufika mita 100, hata tukiusahau upinzani wa hewa. Katika muda huo, mvutano wa dunia huishusha kwa sentimita 90 hivi chini ya mstari wa mtutu. Risasi ya .308 hufika huko kwa sekunde 0.12 na kushuka sentimita saba. Mtu atasema kwamba darubini hurekebishwa, na ni kweli, lakini darubini hurekebishwa kwa umbali unaojulikana. Chukua mwindaji aliyekadiria kwamba swala pala yuko mita 85 kumbe yuko mita 100, kosa ambalo macho ya kawaida hulifanya kila siku porini. Akiwa na .308 risasi yake itapita chini ya alipolenga kwa sentimita moja tu. Akiwa na bunduki ya hewa itapita chini kwa sentimita 13 hivi. Eneo la moyo na mapafu ya swala pala lina upana wa takriban sentimita 15 hadi 20, kwa hiyo aliyelenga katikati kabisa, kwa mkono uliotulia, bila upepo wowote, atavunja mguu au kukwaruza kifua kwa sababu tu alikosea makadirio ya hatua kumi na tano.

Kuna jambo la pili ambalo huonekana dogo mpaka mtu aifanye hesabu yake. Sauti husafiri mita 100 kwa sekunde 0.29. Risasi ya hewa hufika baada ya 0.43. Mnyama anausikia mlio kabla risasi haijamfikia, na anayo sehemu ya saba ya sekunde ya kushtuka, kujikunja na kuanza kuruka. Wawindaji wa upinde wanaifahamu vizuri balaa hii. Risasi ya raifali huitangulia sauti yake, hivyo mnyama hupigwa kabla ya kujua lolote. Kwa umbali wa mita 40 tofauti hiyo kwa bunduki ya hewa hupungua hadi kama sehemu ya ishirini ya sekunde, nako kushuka kwa risasi kunakuwa kudogo. Kwa maoni yangu, mita 50 ndiyo mipaka ya mtu wa kawaida, na 75 ni ya yule aliyefanya mazoezi mengi, anayepima umbali kwa kifaa badala ya macho, na ambaye mnyama wake ametulia. Zaidi ya hapo ni kucheza bahati nasibu na mateso ya kiumbe hai.

Ulinganisho wa haki, basi, usifanywe na raifali. Unafaa kufanywa na silaha za karibu: gobore, bunduki ya marisau (shotigani) na upinde. Gobore la kiwandani la kaliba .50, linaloshindiliwa baruti na risasi ya duara ya gramu 11.5, hutoa karibu jouli 1,900 mdomoni, mara mbili ya Hammer. Lakini risasi ya duara hupoteza kasi vibaya mno hewani, na kufikia mita 100 sehemu kubwa ya faida hiyo imekwisha, ilhali risasi ndefu ya bunduki ya hewa hutunza sehemu kubwa ya kile kidogo ilichoanza nacho. Bunduki ya hewa pia haiathiriwi na baruti kulowa mvua, haitoi moshi wa kumficha mnyama, na haihitaji kusafishwa masizi kila jioni. Hapo nayo inashinda, na nasema hivyo bila kusita. Maelezo haya ni ya gobore la kiwandani. Magobore ya kienyeji yanayotengenezwa kwa mabomba ya maji ni hatari kwa anayeyashika kuliko kwa mnyama, na hayastahili kuingizwa kwenye ulinganisho wowote.

Bunduki ya marisau ya geji 12 ina sura mbili. Ikipakiwa marisau madogo ni silaha ya ndege wanaoruka, kazi ambayo bunduki ya hewa ya risasi moja haiwezi kuifanya. Ikipakiwa risasi moja nzito ya gramu 28, hutoa zaidi ya jouli 3,000, nayo kwa umbali wa mita 50 huiacha bunduki yoyote ya hewa mbali sana. Tena ni rahisi kununua, na fundi wa kuitengeneza hapatikani kwa shida. Mwenye leseni ya shotigani anayefikiria kuibadilisha kwa bunduki ya hewa kwa ajili ya ngiri au pongo atakuwa amelipa zaidi ili apate kidogo.

Madai mawili mengine husikika mara kwa mara. La kwanza ni kwamba bunduki ya hewa haina sauti. Bunduki ndogo za springi kweli hazisikiki mbali, lakini kuachia ghafla hewa ya baa 200 kupitia tundu la milimita 12.7 hutoa mshindo mkali unaoweza kudhuru masikio, isipokuwa bunduki iwe imefungwa kifaa cha kupunguza sauti. Kinachokosekana ni ule mpasuko wa risasi inayovuka kasi ya sauti, na ndiyo maana kwa mbali mlio wake hudanganya. La pili ni kwamba inaokoa pesa kwa sababu hewa ni ya bure. Hewa ni ya bure. Kuigandamiza hadi baa 310 si bure hata kidogo. Pampu ya mkono inaweza kufanya kazi hiyo kwa mtungi mdogo, lakini kwa mtungi wa kaliba kubwa ni adhabu, na baada ya risasi tatu kazi inaanza upya. Hammer, kwa mfano, hutoa risasi tatu tu za nguvu kamili kwa kila ujazo. Kompresa inayofika mgandamizo huo, mtungi wa akiba wa nyuzi za kaboni na vichujio vya kukausha hewa vinaweza kugharimu kuliko bunduki yenyewe, na mitungi hiyo inahitaji kupimwa na wataalamu kila baada ya miaka michache.

Vichujio si anasa. Hewa yenye unyevu huingiza maji ndani ya mtungi na kuozesha vali, na tatizo hili ni kubwa zaidi kwa anayeishi pwani. Joto nalo lina hesabu yake: mtungi uliojazwa baa 300 katika nyuzi 25 ukiachwa ndani ya gari lililopigwa na jua hadi nyuzi 60, mgandamizo wake hupanda kufikia karibu 335. Na kuna kosa moja lisilo na msamaha. Mtungi wa bunduki usijazwe kamwe oksijeni ya hospitali au ya mafundi wa kuchomelea vyuma, kwa sababu oksijeni iliyogandamizwa ikikutana na mafuta kidogo tu ya kulainishia vali inaweza kulipuka mikononi mwa mtu.

Kwa upande wa sheria, mkanganyiko ni mkubwa kwa sababu nchi hazikubaliani hata juu ya kama hiki ni silaha ya moto. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho hutambua silaha ya moto kwa kutumia kilipuzi, kwa hiyo bunduki ya hewa haimo. Lakini ruhusa ya kuwindia iko mikononi mwa kila jimbo. Texas huruhusu kulungu kuwindwa kwa bunduki ya hewa yenye kaliba isiyopungua .30 na nishati ya kuanzia takriban jouli 290, ilhali Arkansas inataka kaliba .40 na jouli zipatazo 540. Uingereza imekwenda njia nyingine: bunduki ya hewa inayozidi jouli 16 hivi inahitaji cheti sawa na silaha ya moto, na kulungu hawaruhusiwi kabisa kupigwa kwa bunduki ya hewa ya nguvu yoyote. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ni kosa kudhani kwamba kukosa baruti ni kukosa sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na marufuku hiyo haijali mnyama ameuawa kwa kitu gani. Tanzania huruhusu uwindaji kwa leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na anayewaza kuagiza bunduki ya namna hii kutoka nje ahakikishe msimamo wa polisi na wa mamlaka ya wanyamapori kabla hajalipa chochote, si baada ya mzigo kufika bandarini.

Sasa nitoe maoni yangu kuhusu matumizi. Pale sheria inaporuhusu, bunduki ya hewa yenye jouli 650 na kuendelea ni silaha halali ya kumwindia ngiri, pongo au swala pala aliyesimama ubavu, ndani ya mita 50. Kwa nguruwe pori wanaoharibu mashamba huko Texas, ambako mwindaji hukaa kibandani akiwa ameshapima umbali wa kila kichaka, inafanya kazi nzuri, na nadhani hapo ndipo mahali pake hasa. Kwa kanga na kware kaliba .50 huharibu nyama yote, na bunduki ya hewa ya .22 au .25 inatosha kabisa. Kwa swala aitwaye pofu, ambaye dume lake hufikia kilo 700 na zaidi, sioni sababu ya kujaribu. Kwa nyati nasema hapana bila masharti, hata kama zipo video za waliofanikiwa. Video hizo mara nyingi hazimwonyeshi mtu wa pili aliyesimama kando na raifali ya .375 au .458, tayari kumaliza kazi, na haziwezi kuonyesha risasi ya nne ya bunduki ambayo mtungi wake umeshaishiwa.

Anayekwenda kununua asikubali kuambiwa kaliba peke yake. Aulize uzito wa risasi kwa gramu na kasi yake kwa mita kwa sekunde, azigawe gramu kwa elfu moja ziwe kilo, kisha afanye hesabu ya jouli mwenyewe. Kisha aulize kasi hiyohiyo kwa risasi ya tatu na ya nne za ujazo uleule, kwa sababu bunduki isiyo na kidhibiti cha mgandamizo hupoteza kasi kila inapopigwa, na risasi iliyopungukiwa na mita 20 kwa sekunde haitaangukia pale darubini inapoelekeza. Mwisho aulize ni wapi karibu na nyumbani kwake atajaza hewa kavu ya baa 300 na kupimiwa mtungi. Kama mahali hapo hapapo, bei iliyoandikwa dukani ni sehemu tu ya gharama atakayoilipa.